Tabaka: Historia ya Maana ya Neno Moja, Pamoja na Mfano wa Kware, Kajiado

1. Utangulizi

Neno la Kiingereza "class" ni mojawapo ya maneno ambayo mwalimu wa Kiswahili hawezi kuyakwepa. Mwanahistoria analihitaji, mwanauchumi analihitaji, na mhakiki wa fasihi hamalizi kurasa mbili bila ya kulikimbilia. Neno hilo limepata kwa Kiswahili fasiri iliyokubaliwa karibu na watu wote, yaani tabaka, na kule kukubaliwa kwake ndiko kulikofanya lisichunguzwe. Lisilobishaniwa mara nyingi huonekana kuwa limeeleweka.

Makala haya yanakusudia mambo matatu. Kwanza, kufuatilia jinsi neno tabaka lilivyofikia maana yake ya kijamii. Pili, kulilinganisha na maneno mengine ambayo wasemaji wa Kiswahili wameyatumia kutaja kutokuwa sawa kwa watu. Tatu, kuonyesha hatari iliyomo katika matumizi yake ya siku hizi.

Hoja yenyewe ni hii. Kiswahili kina makundi mawili ya maneno ya kutaja kutokuwa sawa. Kundi la kwanza ni la maneno ya mahali: humweleza msikilizaji mtu yuko wapi, juu, kati au chini. Kundi la pili ni la maneno ya uhusiano: humweleza nani anamfanyia nani kazi, na nani anakula jasho la nani. Tabaka lilizaliwa katika kundi la kwanza. Likahamishiwa kundi la pili kwa juhudi za makusudi katika miaka ya 1960 na 1970. Na sasa linarudi lilikotoka. Mfano wa eneo la Kware, katika Kajiado nchini Kenya, umechaguliwa kwa kuwa hapo yanakutana maneno ya kutokuwa sawa yaliyotoka katika lugha tatu, na kila moja lina la kutufundisha.

2. Asili ya neno

Tabaka limetokana na Kiarabu "tabaqa", na maana yake ya msingi ni kitu kilichopangwa juu ya kingine. Maana hii ingali hai katika Kiswahili: husemwa tabaka la mwamba, tabaka la ngozi, tabaka la hewa. Wasemaji Waislamu wa pwani wanaifahamu pia kutokana na mafundisho ya dini, kwani Kurani, katika Sura ya 67, aya ya 3, inazitaja mbingu saba kuwa zimeumbwa kwa matabaka.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba maana ya kijamii ililetwa na wafasiri wa Kiingereza peke yao. Kiarabu chenyewe kilikuwa kimekwisha kulitumia neno hilo kwa watu tangu karne za mwanzo za Uislamu. Mwandishi Ibn Saad, aliyefariki mwaka 845, alikiita kitabu chake kikubwa cha wasifu kwa jina la Matabaka, akawapanga humo masahaba na waliowafuata. Lakini yafaa itazamwe kwa makini kipimo alichokitumia. Watu wake walipangwa kwa wakati waliosilimu, kwa ukaribu wao na Mtume na kwa vizazi vyao; hawakupangwa kwa mali zao. Tabaka la namna hiyo ni safu ya heshima na nasaba ya elimu.

Historia ya neno la Kiingereza nayo haiko mbali na hii. Latini "classis" ilikuwa mgawanyo wa raia wa Roma kwa kadiri ya mali zao. Katika Kiingereza neno hilo lilikaa kwa muda mrefu likiwa la madarasa ya shule na la aina za vitu. Raymond Williams, katika uchunguzi wake wa maneno ya utamaduni uliochapishwa mwaka 1976, alionyesha kuwa maana yake ya kijamii ya leo ilikomaa kati ya 1770 na 1840 hivi, yaani wakati wa mapinduzi ya viwanda. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na maneno ya cheo na daraja, ambayo mtu alihesabiwa kuwa amezaliwa nayo. Neno jipya lilihitajika palipotokea hali mpya: watu wengi waliokusanywa pahali pamoja, wasio na cha kuuza isipokuwa nguvu zao. Karl Marx na wenzake walipolichukua neno hilo, walilitumia kutaja uhusiano wa watu na nyenzo za uzalishaji mali. Hivyo ndivyo neno la mpangilio lilivyogeuzwa likawa neno la mgongano.

3. Maneno yaliyotangulia

Kiswahili hakikungoja tabaka ndipo kitaje kutokuwa sawa. Jamii za pwani zilikuwa na msamiati mpana: mwungwana na mtumwa, mwinyi na mtwana, kabaila, mzalia, mshenzi. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku Unguja mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Maneno lakini hayakuondolewa na sheria. Yaliendelea kuishi, na katika kuishi kwake yakabadilika kwa namna inayostahili kuangaliwa.

Tuchukue uungwana. Asili yake ni hali ya mtu huru asiyemilikiwa na mtu. Yaani ni neno lisiloeleweka ila kwa kukumbuka yule anayemilikiwa. Leo uungwana ni adabu na mwenendo mwema, na mtu yeyote aweza kuambiwa afanye uungwana. Mshenzi naye alikuwa mtu wa bara, mgeni wa mji na dini yake. Leo ni tusi la tabia. Katika maneno yote mawili uhusiano umefutika, pakabaki sifa ya mtu binafsi. Huu ni mwendo wa kawaida wa maneno ya kutokuwa sawa: huanza kwa kutaja watu wawili na jambo lililo baina yao, yakaishia kumtaja mmoja tu, kana kwamba hali yake imetoka moyoni mwake.

Yapo hata hivyo maneno yaliyokataa mwendo huo. Mtumwa, kwa umbo lake la kutendwa, ni aliyetumwa, na panapo aliyetumwa pana aliyemtuma. Tajiri, kutoka Kiarabu cha mfanyabiashara, hakuishia kuwa mwenye mali tu. Kwa wasemaji wengi tajiri ni mwajiri, na mtu husema tajiri wangu kwa maana ya yule anayemlipa. Kibarua ni neno lenye historia nzito zaidi. Ni udogo wa barua: kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuwa ushahidi wa kazi yake. Katika Unguja ya karne ya 19, vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na ujira wa siku uligawanywa baina ya mtumwa na bwana. Kikaratasi kikawa jina la kazi, na jina la kazi likawa jina la mtu. Msemaji wa leo akisema amepata kibarua, anataja bila ya kujua mkataba wa zamani sana.

Utawala wa kikoloni uliongeza maneno yake ya mahali. Katika reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, abiria waligawanywa kwa madaraja, na kwa desturi daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi na la tatu la Waafrika. Neno daraja, lenye maana ya ngazi na pia ya kivuko, likawa fasiri ya kwanza ya "class" iliyomfikia Mwafrika wa kawaida. Alilikuta katika tikiti kabla ya kulikuta katika kitabu.

4. Kuhama kwa neno, 1965–1985

Azimio la Arusha la Februari 1967 ndilo lililoiingiza lugha ya matabaka katika masikio ya umma. Azimio lilieleza kwamba nchi ya kijamaa haiwezi kuwa na watu wa chini wanaofanya kazi na watu wa juu wanaoishi kwa kazi ya wenziwao. Msomaji ataona kuwa picha ya juu na chini ingaliko, lakini imefungwa kwenye uhusiano: walio juu wako juu kwa sababu ya walio chini. Kazi ya kufunga ilifanywa na neno jingine, unyonyaji. Nyonya ni kitenzi cha mwili, cha mtoto na ziwa la mama. Siasa ilikigeuza kikawa cha kupe na mirija. Pamoja nalo yalipewa kazi mpya maneno bepari, ambalo asili yake ni mfanyabiashara katika lugha za Kihindi, kabaila, bwanyenye, kabwela na wavujajasho.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipokataza viongozi wasiwe na kiburi, anasa na uonevu, wafanyakazi wa viwanda waliuchukua kama hoja ya migomo. Hilo lathibitisha kwamba msamiati haukuwa pambo la majukwaani. Aidha, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Issa Shivji alikuwa amekwisha kuandika juu ya mapambano ya kitabaka ya kimyakimya mwaka 1970, na kitabu chake kikubwa kikatoka mwaka 1976. Ni jambo la kujutia kwamba mjadala huo wa wasomi uliendeshwa kwa Kiingereza, wakati wafanyakazi walikuwa wakijadili jambo lile lile kwa Kiswahili. Pengo hilo lilizibwa zaidi na fasihi. Shafi Adam Shafi alitoa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978 na Kuli mwaka 1979. Said Ahmed Mohamed alitoa Dunia Mti Mkavu mwaka 1980. Wahakiki wakapata uwanja wa kulikomaza neno.

Kenya ilipita njia nyingine. Waraka Nambari 10 wa Bunge wa mwaka 1965, uliozungumza juu ya Ujamaa wa Kiafrika, ulishikilia kuwa jamii ya Kiafrika ya jadi haikuwa na matabaka ya namna ya Ulaya, na kwamba sera ya serikali izuie yasitokee. Tabaka likawa jambo la ng'ambo. Umma, hata hivyo, ulijitungia maneno yake. Wabenzi walijulikana kwa magari yao, na wananchi wakatofautishwa na wenyenchi. Neno wenyenchi lastahili sifa: kwa kugeuza kiungo kimoja tu, laonyesha kwamba mwana wa nchi si lazima awe mwenye nchi. Abdilatif Abdalla alifungwa kutoka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka aliouandika kuihoji serikali. J. M. Kariuki, mbunge aliyekuwa akionya juu ya nchi ya matajiri wachache na ombaomba wengi, aliuawa Machi 1975. Mwaka 1981 Alamin Mazrui alitoa tamthilia Kilio cha Haki, inayohusu madai ya wafanyakazi wa shamba. Katika Kenya ya miaka hiyo, kutaja uhusiano kulikuwa na gharama yake. Kutaja mahali hakukumdhuru mtu.

5. Mfano wa Kware

Kware ni jina la mahali linalokutikana zaidi ya mara moja katika Kenya: liko Kitengela na Ongata Rongai katika Kajiado, na liko Embakasi katika Nairobi. Halihusiani na ndege aitwaye kwale, ambaye baadhi ya wasemaji humwita pia kware. Ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe, nalo lenyewe limetoka katika Latini ya kulichonga jiwe liwe mraba. Kiswahili hakikuwa na upungufu wa neno: kina timbo, kina chimbo na machimbo. Kwa nini basi wachonga mawe hawakusema Timboni?

Jibu liko katika kazi yenyewe. Timbo lilikuwa shimo la mwenye kujenga, aliyechimba kwa ajili ya nyumba yake au ya mji wake. Kware ni shimo la biashara: lina mwenye ardhi, lina mwenye mtambo, lina mwenye lori, lina nyapara, na chini yao wote wamo vibarua wanaochonga mawe na kugonga kokoto kwa malipo ya kutwa. Neno la kigeni lilikuja pamoja na mpango huo wa kazi, likakaa kwa kuwa lilitaja kitu ambacho timbo halikukitaja. Na palipotokea vibanda na maduka kando ya shimo, jina la mahali pa kazi likawa jina la mahali pa kuishi. Mtu anaulizwa atokako naye anajibu kwa jina la kazi, hata ikiwa yeye mwenyewe hakupata kushika nyundo.

Ardhi ya Kajiado ina neno la zamani zaidi la kutokuwa sawa, nalo ni la Kimaasai: "iltorrobo", yaani watu wasio na ng'ombe, maskini. Katika jamii ya wafugaji umaskini ulikuwa hali inayoweza kumpata mtu na kumwachilia: aliyefiwa na mifugo aliingia humo, na aliyepata mifugo akatoka. Utawala wa kikoloni ulilichukua neno hilo, likawa Wandorobo, likaandikwa katika taarifa kama jina la kabila. Hali ikageuzwa kuwa asili; na mtu hatoki katika asili yake kwa kupata ng'ombe. Ni mwendo ule ule uliolipata neno mshenzi huko pwani.

Historia ya ardhi iliyofuata yaeleza kwa nini maneno haya hayakubaki ya makumbusho. Kwa mapatano ya 1904 na 1911 Wamaasai waliondolewa katika malisho ya kaskazini, wakabanwa kusini. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1968 iliwaandikisha katika ranchi za vikundi. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988 katika mashamba ya watu binafsi, kila mmoja na hati yake. Na mwaka 1990 ilianzishwa mamlaka ya kanda za viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, iliyojenga makao yake katika Athi River jirani. Ardhi ikauzwa vipande vipande, wafanyakazi wakamiminika, nyumba zikahitaji mawe. Sensa ya mwaka 2019 iliuhesabu mji wa Kitengela kuwa na watu zaidi ya 150,000. Jiwe lililotoka katika shimo la kware ndilo lililojenga ukuta unaomtenganisha mkaaji wa mtaa wa malango na yule aliyelichonga.

Hapo ndipo upungufu wa neno la mahali unapodhihirika. Anayesema kwamba wakaaji hao wawili ni wa matabaka mbalimbali amesema kweli, lakini amesema nusu. Mwamba wa tambarare za Athi ni wa volkano, uliolala safu juu ya safu, na safu ya juu haikuichukulia ya chini chochote. Ilimwagika tu baadaye. Ukuta na shimo haviko hivyo, kwani kila tofali la ukuta ni pengo katika shimo.

6. Matumizi ya siku hizi

Tabaka limerudi katika maana ya mahali kwa njia mbili hasa. Njia ya kwanza ni ile ya takwimu. Mwaka 2011 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitoa taarifa iliyohesabu kuwa wa tabaka la kati kila Mwafrika atumiaye baina ya dola 2 na dola 20 kwa siku, ikapata takriban thuluthi moja ya watu wa bara zima. Wengi wao walikuwa kati ya dola 2 na 4, na taarifa yenyewe ilikiri kuwa hao waelea. Kwa kipimo hicho, mchonga mawe mwenye kutumia dola 3 na mwenye lori mwenye kutumia dola 18 ni watu wa tabaka moja, ingawa mmoja hupakia na mwingine hulipwa kwa kilichopakiwa. Magazeti ya Kiswahili yalifasiri tabaka la kati bila ya kuuliza kati ya nini na nini.

Njia ya pili ni ya siasa. Katika uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2022 lilivuma neno hasla, na pamoja nalo ahadi ya uchumi wa kutoka chini kwenda juu. Novemba mwaka huo ikazinduliwa Hazina ya Hasla ya mikopo midogo. Hasla ni neno lenye joto la mtaani, na lilimpa heshima mtu aliyezoea kudharauliwa. Lakini lina mipaka yake. Mwenye bodaboda ni hasla, na aliyemkodisha bodaboda naye ni hasla. Kibarua ni hasla, na tajiri wake asema alianza akiwa hasla. Neno linalowapokea wote wawili haliwezi kutaja lililo baina yao.

Kwa upande wa Tanzania, mnyonge na mlalahoi yamekuwa na matumizi makubwa yakifuatana na kufifia kwa mnyonyaji. Badiliko hili dogo la sauti ni badiliko kubwa la maana: mnyonyaji humtaka mtu wa pili, mnyonge hamtaki. Mnyonge ni wa kuhurumiwa. Mnyonywaji ni wa kurudishiwa.

7. Hitimisho

Haipendekezwi hapa kwamba tabaka liachwe. Neno limekwisha kuota mizizi, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na zile zilizofuata zimelipa mahali pake. Linalopendekezwa ni kwamba wafasiri na walimu watenganishe mambo yanayochanganywa. Panapotajwa tofauti ya kipato peke yake, yafaa kusemwa pengo la kipato au watu wa kipato fulani. Panapotajwa hali ya jumla, ukosefu wa usawa watosha. Panapotajwa kutendewa vibaya kwa sababu ya rangi, jinsia au kabila, neno ni ubaguzi. Tabaka na liwekwe kwa ajili ya kundi linalotambulikana kwa uhusiano wake na kundi jingine katika kazi na mali. Na kila litumikapo, msomaji awe na haki ya kuuliza tabaka la pili ni lipi.

Jambo hili lina uzito zaidi tangu Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na katika kifungu chake cha 27 ikaahidi usawa mbele ya sheria. Ahadi za sheria hudaiwa kwa maneno. Mkaaji wa Kware atakayesimama mbele ya baraza la ardhi au la kazi atahitaji lugha ya kueleza nani alimfanyia nini, wala haitamtosha kusema kwamba yeye ni wa chini. Kiswahili kinayo lugha hiyo, tena ya siku nyingi: imo katika tajiri, imo katika mtumwa, imo katika kile kikaratasi cha kibarua. Kazi ya wataalamu ni kuhakikisha kwamba neno la kitaalamu halimwambii mtu machache kuliko neno analolitumia kila asubuhi aendapo kazini.